Walitaka niombe radhi kwa accent ya Boito: kisa changu na mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa China

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini mkijifanya mko bize na mlio nyumbani mkingoja stima irudi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Leo naandika kwa sababu juzi kulikuwa na uzi hapa wa kucheka Kiingereza cha watu wa kwetu, na comments zikamshangilia mwenye uzi kama amefunga goli. Nilizisoma zote. Sikulia. Nilikasirika.

Kwa hivyo haya yamenipata mimi mwenyewe. Sijatia chumvi, na nisipojua kitu nitasema sijui. Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Mimi ni msichana wa Boito, Konoin, huko Bomet. Kwetu ukisimama mlangoni, mbele ni chai, nyuma ni chai, na ukigeuka pembeni ni chai ya jirani.

Nilisomea ualimu, Kiingereza na fasihi. Ajira haikuja. Nikafundisha kwa muda shule moja ya binafsi upande wa Ndanai, mishahara ikawa ya kuja kama mvua ya Januari, nikarudi kwa mama.

Hapo ndipo rafiki yangu wa chuo akaniunganisha na kazi ya online.

Kulikuwa na kampuni (jina siliweki, mods wasinisumbue) inayotengeneza mitihani ya listening kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya China. Mwanafunzi anavaa headphone, anasikia kisa kifupi cha Kiingereza mara moja tu, kisha anachagua jibu: A, B, C au D.

Msione ni mchezo. Kuna watu kule wanasomea uhandisi na wanaujua kabisa, lakini listening inawakalia rohoni kama ugali baridi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vile visa, kutunga maswali, na kuvisoma kwa sauti.

Studio yangu ilikuwa store ya mbolea. Nilitundika blanketi ukutani, nikaweka laptop juu ya magunia, basi. Nilirekodi asubuhi peke yake, kwa sababu kwetu mchana mvua inapiga mabati mpaka hujisikii ukiwaza.

Shida ni kwamba asubuhi ndiyo pia saa ya kuchuma chai. Kwa hivyo mama alitangulia shambani peke yake, mimi nikimaliza navua headphone navaa kikapu. Alinung'unika, lakini kazi hiyo ndiyo ilikuwa inamsomesha mdogo wangu, kwa hivyo alinung'unika kwa adabu.

Sasa, kitu cha kwanza ambacho sikukipenda.

Kampuni ilimpa kila msomaji jina jipya. Mimi nikaitwa Emma. Emma, London. Wakaweka na picha ya msichana mwenye nywele rangi ya ndevu za mahindi, ya kuonwa na mwanafunzi juu ya mtihani pamoja na hilo jina.

Coordinator wetu alikuwa jamaa wa Nairobi anaitwa Brian. Si mtu mbaya, niseme ukweli, ni mtu wa kupenda mambo yaende. Akaniambia wateja wanataka kuhisi wanasikiliza mtu wa huko London, basi nisome polepole, nizungushe ulimi kidogo, nisiongee sana kujihusu.

Nikaichukulia kama uniform. Asubuhi unavaa, ukimaliza unavua.

Siku moja mama akapita dirishani akanisikia kwa simu nikisema "Emma here". Akaniuliza huyo Emma ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni wa kazi. Akasema hajawahi kusikia mtoto wa kazi, akaenda zake.

Mambo yakaenda vizuri. Kampuni ilikuwa inatuma messages za sifa: Emma yuko clear, Emma anaeleweka, wanafunzi wanampenda Emma.

Kisha nikaandika kile kisa.

Nilikitoa kwa maisha ya kwetu tu. Jirani yetu mzee Kirui alikuwa ameazima pampu yetu ya kupulizia dawa, akaja kuirudisha. Nikaandika hivyo hivyo. Mwanamume anafika kwa jirani kurudisha pampu. Mama wa nyumba anamwambia chai iko tayari. Mwanamume anasema asante, hapana, ana haraka, ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Mama wa nyumba anasema vikombe viko mezani.

Mwisho.

Swali: huyu mwanamume atafanya nini sasa?

A, ataenda nyumbani kwa ng'ombe. B, ataketi anywe chai. C na D zilikuwa za kujaza tu.

Jibu langu lilikuwa B. Wakuu, sikuwa natega mtu. Nilidhani ndilo swali rahisi kuliko yote niliyowahi kutunga.

Kwetu chai haiulizwi. Ukimuuliza mgeni kama atakunywa, umemtukana. Na mgeni kusema hapana ni heshima tu, ni ya kuonyesha kwamba hakuja kwa sababu ya tumbo. Ukisikia vikombe viko mezani, mambo yamekwisha, keti. Ng'ombe atangoja.

Kabla sijakirekodi, watu wa kampuni wakabadilisha jina. Mzee Kirui akawa Mr. Brown. Sikubishana, nilisema ni uniform.

Mtihani ukajaribiwa kwa darasa la chuo kimoja kule China, darasa la mwalimu mmoja mama anaitwa Mwalimu Wen. Maswali mengine yote yakaenda sawa. Hili langu, karibu darasa zima likaweka A.

Mwalimu Wen akaandika kwa kampuni kuuliza kwa nini. Aliuliza kwa upole, nilikuja kuiona email yenyewe baadaye. Lakini kampuni ilishtuka, kwa sababu chuo chake kilikuwa karibu kuchukua mitihani yao yote.

Wakakaa huko kwao wakaamua kosa ni nini.

Kosa likawa accent yangu.

Brian akanipigia nikiwa shambani. Akasema wamesikiliza tena ile recording na wameona kwamba "uafrika unaingia ingia" kwa matamshi, ndiyo maana wanafunzi hawakuelewa. Kwa hivyo wanataka mambo mawili. Niombe radhi kwa Mwalimu Wen na wanafunzi wake, niseme wazi accent yangu iliwachanganya. Halafu kuanzia hapo niwe naandika tu, kusoma kutafanywa na sauti ya computer.

Nisipokubali, contract inaishia hapo.

"Chebet, wacha ubishi," akaniambia. "Hawa wasee wanataka tu sorry moja hapo, then life iendelee. Hakuna mtu atakufa."

Nikamwambia nitafikiria. Nilichuma chai vibaya siku hiyo mpaka mama akachambua kikapu changu akitoa majani magumu.

Sasa aside kidogo kabla hamjaniandama. Ndiyo, kwetu kuna watu ambao "b" na "p" zinapishana kwa mdomo bila kusalimiana. Najua. Hata mimi nikikasirika inatokea. Lakini nilisoma kile kisa nikiwa nimetulia, na niliisikiliza ile sauti tena na tena kwa ile store nikitafuta neno moja tu ambalo mtu angekosa kulisikia. Sikulipata.

Jioni nikamweleza mama. Nilitegemea atakuwa upande wangu. Wapi.

Haya aliyasema kwa Kipsigis, nayaweka hapa kwa Swahili yetu:

"Wewe andika hiyo pole. Pole haina kilo, hata mzani ya chai ya buying centre haiwezi kuiona. Huyo mdogo yako akirudishwa nyumbani, ndio utakula hiyo accent?"

Alikuwa na haki yake. Yeye ndiye ambaye amekuwa akichuma peke yake asubuhi zote hizo.

Lakini wakuu, kuna vitu vinakataa kumezwa. Ningeomba radhi kwa kuchelewa, kwa sauti ya kuku kuingia kwa recording, kwa swali baya. Hata kwa swali baya ningeomba, kama lilikuwa baya. Lakini niombe radhi kwa namna mama yangu alivyonifundisha kuongea? Hapo nilisema hapana, na si ile hapana ya heshima.

Nikamwambia Brian hivi: kabla ya kuomba radhi kwa masikio ya watu, nataka kuyasikia hayo masikio yenyewe. Waniweke online na lile darasa, nisome kile kisa moja kwa moja, waseme ni neno gani limewapotea.

Akakataa. Nikamwambia basi hakuna radhi, wamtumie Mwalimu Wen chochote wanachotaka lakini jina langu lisiwe chini yake.

Mwishowe wakakubali, kwa sababu Mwalimu Wen mwenyewe alisema anapenda wazo hilo. Lakini kwa masharti. Camera iwe off. Nijitambulishe kama Emma. Nisome kisa, na mwisho nisome ile radhi, waliniandikia wenyewe kabisa, tayari.

Nikasema sawa. Wao walisikia nimekubali yote. Mimi nilikubali kisa.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi kwetu, kwao ni mchana. Hakukuwa na mvua. Nilivaa gauni langu la kanisa nikakaa kwa magunia ya mbolea.

Link ikafunguka, nikaona darasa zima, wanafunzi wameketi kwa mistari, na Mwalimu Wen amesimama mbele, mama mfupi wa miwani. Wao walikuwa wanaona picha ya Emma.

Nikawasha camera.

Nikawaambia kwa Kiingereza, polepole, bila kuzungusha ulimi popote: "Habari za mchana. Jina langu ni Chebet. Mimi si Emma na sijawahi kufika London. Niko nyumbani kwetu Boito, Kenya, na hii sauti mmekuwa mkiisikia ni yangu."

Mwalimu Wen akaangalia karatasi yake, akaangalia screen, akaangalia karatasi tena. Brian naye alikuwa kwa hiyo call, na messages zake zikaanza kuingia kando: zima camera, zima camera, Chebet unafanya nini. Nikaifunga hiyo chat ya Brian.

Kisha nikasoma kile kisa kwa sauti yangu yenyewe, ile ninayosalimia nayo watu kanisani. Nikawaomba waandike kwa chat ya darasa kila kitu walichosikia.

Wakaandika. Ikaja yote. Pampu, jirani, haraka, ng'ombe anakaribia kuzaa, chai tayari, vikombe mezani. Hakuna neno lililopotea njiani kutoka Boito hadi China.

Nikasema asante. Basi mmesikia. Sasa niambieni kwa nini mliweka A.

Hapo wakanyamaza. Nilikuja kuelewa kwamba wale wanafunzi hawapendi kumjibu mwalimu mbele ya watu, afadhali wafe. Nikangoja. Mwalimu Wen akawaambia kitu kwa lugha yao, pole pole.

Msichana mmoja akaandika kwamba yeye anatoka milimani, kwao pia wanalima chai. Kwa nyanya yake mgeni husema hapana kwanza, na mwenye nyumba anayemwacha mgeni aondoke hivyo hivyo ndiye anayeaibika.

Nilifurahi, nikamuuliza: kwa hivyo wewe uliweka B?

Akaandika: hapana, niliweka A.

Nikachanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimejipanga kwamba kama wamesikia maneno yote, basi ni desturi yetu ndiyo hawaijui, na hilo ningelikubali. Sasa huyu anaijua desturi kama alizaliwa Konoin, na bado kaweka A.

Ndipo kijana mmoja nyuma akainua mkono, akapewa mic. Mwanafunzi wa uhandisi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota okota kama changu cha darasa la nne, lakini kila mtu alimsikia.

"Mwalimu, mimi nilijua atakunywa. Hata kwetu angekunywa. Lakini iliandikwa Emma, London. Na huyo mtu ni Mr. Brown. Nikafikiri kwa watu wa London, hapana ni hapana, na huyo mama wa nyumba atamwacha aende. Nikaweka A ili nipite."

Chat ya darasa ikaanza kujaa. Mimi pia. Mimi pia. Mimi pia nilitaka B.

Wakuu, hapo machozi yalinitoka, na sitadanganya, yalikuwa ya hasira.

Hawa watoto walisikia kila neno. Walielewa hata kile ambacho hakikusemwa, kile kitu cha ndani ambacho hata mimi sikujua nimekiweka. Kilichowaangusha ni lile jina na ile picha. Waliacha jibu la kweli walilolijua kutoka kwao nyumbani, wakachagua la uongo, kwa sababu waliambiwa anayeongea ni mtu wa London. Uongo ulikuwa wa kampuni, na radhi ikatakiwa kutoka kwangu.

Nikafuta macho. Nikawaambia kuna karatasi ya radhi niliandikiwa niwasomee leo, inayosema sauti yangu iliwachanganya. Sitaisoma. Nyinyi wenyewe mmeniambia haikuwachanganya.

Mwalimu Wen akatikisa kichwa kwa kukubali, mara moja tu. Kisha akasema darasa lina swali moja la mwisho. Wanataka kujua kama ng'ombe alizaa.

Nikawaambia alizaa salama, ndama jike, na mzee Kirui alikunywa vikombe viwili kwanza. Darasa lote likacheka. Link ikafungwa.

Brian akapiga kabla sijatoka kwa store. Alikuwa amekasirika lakini zaidi alikuwa amechoka. "Umenichoma, Chebet. Ulikuwa right, lakini umenichoma." Akasema kampuni imenipa njia mbili: nirudi kuwa Emma, kimya kimya, na haya yasahaulike, au nitoke.

Nikamuuliza swali moja. Zile messages za sifa zilipokuwa zinakuja, zilikuwa za nani? Akasema za Emma. Na lawama ilipokuja?

Nikatoka.

Mwalimu Wen aliniandikia baadaye. Alisema amelitoa lile swali kwa alama za wanafunzi wake, na ameiandikia kampuni waseme ukweli kuhusu wasomaji wao. Kama walisema, sijui. Chuo chake kilichukua ile mitihani au hakikuchukua, pia sijui. Aliniuliza kama ningemrekodia visa vichache vya darasa lake tu, kwa jina langu. Nimeanza. Ni kidogo, haifikii ile ya kwanza, na kwa karo ya mdogo wangu tumebana mpaka mahali pa kubana pameisha.

Mama hakunisifu. Nilipomwambia nimeacha kazi alisema vizuri, sasa nina asubuhi nzima ya kuchuma, akanipa kikapu.

Lakini siku kadhaa baadaye nikiwa nyuma ya nyumba nilimsikia akiongea na jirani kwa ua. Jirani alikuwa anauliza kwa nini siku hizi niko shambani mapema. Mama akasema, "Chebet alikataa." Hakueleza alikataa nini. Alilisema tu, na hakulisema kwa huzuni, na mimi nikabaki pale nimeshika ndoo kama mjinga, nikitabasamu.

Nilichojifunza ni hiki, na wale wa online jobs mnisikie vizuri. Mtu akikuambia sauti yako itakubalika ukiazima jina la mwingine, jua kwamba siku ya sifa, sifa zitaenda kwa lile jina, na siku ya kosa watakutafuta wewe kwa jina lako kamili na kijiji chenu. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nimeuona huo utumwa, una picha ya nywele nzuri na link ya kuingilia.

Sisemi msifanye hizi kazi. Fanyeni. Someni polepole, tamkeni vizuri, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Lakini kuomba radhi kwa sababu umetoka mahali unapotoka, hiyo msiandike, hata wakikuandikia wenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Kama umewahi kuambiwa ubadilishe jina au ulimi ndiyo upate kazi, tuambie ilikuwaje. Kama unaona nilikosa kwa sababu nina mdogo wa kusomesha, pia sema, mama yangu alishasema na bado tunakula pamoja.

Na nyinyi wa ule uzi wa kucheka accent, karibuni sana. Ila kabla hujacheka, anza kwa kutaja jina lako la kweli na kwenu ni wapi.

Mimi nimeshataja yangu.